Proksi au VPN: Kwanza Sema, Unamficha Nani?

Mvua ya Tukuyu imegoma kukatika, bando limekata, na mpo gesti mnatumia waifai ya bure. Mwaka wa 3 wa ndoa, mimba haishiki, na unataka kusoma kuhusu kipimo cha mbegu bila dunia nzima kujua. Ufanyeje?

Hapa Rungwe nimeulizwa hivyo na wanandoa kadhaa, na wengi huuliza moja kwa moja: nitumie proksi au VPN? Mimi huwarudishia swali: unamficha nani?

Chukulia proksi kama bodaboda unayemtuma duka la dawa mjini akiwa na karatasi isiyofungwa. Muuza dawa hakujui, lakini bodaboda anasoma, na aliyesimama njiani naye anaweza kuchungulia. Proksi ya kawaida inabadilisha anwani yako mbele ya tovuti, mara nyingi kwa kivinjari tu. WhatsApp na programu nyingine zinapita njia yao. Ni kweli, tovuti yenye alama ya kufuli huficha unachosoma. Ila mwenye waifai bado anaweza kuona jina la tovuti, na jina peke yake linatosha kuzua umbea!

VPN inafunga bahasha, tena kwa simu nzima. Mwenye waifai anaona unatumia VPN, basi. Kwa gesti, kwangu mimi VPN inashinda bila ubishi.

Lakini bahasha inafunguliwa na mwenye VPN. Yeye ndiye anayejua umekwenda wapi, kwa hiyo za bure ziogope kidogo. Onavo Protect ya Facebook ilijinadi kuwa inalinda watu, kumbe ilikuwa inakusanya habari za programu wanazotumia. Apple waliilazimisha itoke dukani kwao mwaka 2018, na mwaka 2019 Facebook wakaifunga kabisa.

Halafu kuna serikali. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaohitaji VPN kwa kazi zao watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. X ilipozibwa Mei 2025 wengi walikimbilia VPN bila hata kulikumbuka tangazo hilo. Wewe lisome kwanza.

Na kama unayemficha ni mwenzi wako? Dada mmoja aliniuliza hivyo kwa sauti ya chini, maana mumewe anajua namba ya siri ya simu yake. Shoga, hapo proksi haikusaidii na VPN haikusaidii. Historia ya kivinjari inabaki kwenye simu, na kama mnatumia akaunti moja ya Google, ulichotafuta kinaweza kutokea hata kwenye simu yake. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilohifadhi historia. Na ujumbe wa kliniki unaokuja na majibu? Huo unaingia kwenye simu kama kawaida, VPN iwepo isiwepo.