Ballyhaunis: Matangazo ya Vifo, Msikiti na Magongo

Katika mji huu hakuna anayekufa kimyakimya. Redio ya hapa, Midwest Radio, husoma majina ya marehemu kila siku: fulani wa kijiji fulani, zamani alikuwa Manchester, mjane wa fulani, dada wa fulani, maiti itakuwepo nyumbani kesho kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, misa ya maziko keshokutwa saa tano. Wazee ninaowahudumia huongeza sauti, na mpaka orodha iishe hakuna anayetia neno. Mimi nimekulia Mombasa, bibi yangu akiwa na redio yake ya mbao na matangazo yale yale ya vifo, "habari ziwafikie wafuatao". Kwa hiyo katika mengi niliyoyakuta ugenini, hili halikunishangaza hata kidogo.

Ballyhaunis ni mji mdogo wa kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, kwenye reli itokayo Dublin kwenda Westport. Wakazi wake hawafiki elfu tatu. Kuna mtaa mkuu mmoja unaopanda kilima, kanisa, kituo cha treni, maduka ya dawa, na abasia ya Waagostino ya tangu karne ya 14. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi naendesha gari kwenye vijia vyembamba vya mashambani, nyumba kwa nyumba, nikiogesha, nikivisha, nikipika uji wa oti, nikihakikisha vidonge vimemezwa na si kufichwa chini ya sahani. Ireland ilianza kutoa vibali vya kazi kwa wahudumu wa vituo vya wazee kutoka nje ya Ulaya mwaka 2021, na baadaye kwa wanaohudumu majumbani. Mlango huo ndio tuliopitia wengi tunaoonekana na sare zetu tukinunua mafuta ya gari alfajiri.

Anayetaka kuujua mji huu aende msibani. Maiti hulazwa sebuleni, jeneza wazi, amevaa suti yake nzuri au gauni la Jumapili, tasbihi ya rozari imezungushwa vidoleni. Watu hupanga foleni nje, mara nyingi mvuani, wanaingia mmoja mmoja, wanampa mkono kila mfiwa aliyekaa kwenye mstari, wanatamka pole ile ile ya maneno machache, wanasimama kidogo mbele ya jeneza, kisha wanasogezwa jikoni. Na jikoni ndiko msiba wenyewe uliko. Majirani wameshateka jiko tangu asubuhi. Wameleta vikombe vya kwao, birika kubwa la kuazima, keki ya zabibu kavu, na milima ya sandwichi zilizokatwa pembetatu. Nyingi ni za nyama ya nguruwe. Mimi huenda kwenye za mayai, na siku hizi nakuta zimewekwa sahani ya peke yake bila mtu kuomba. Chai huletwa kikombe hakijaisha, na kuikataa ni kazi kubwa kuliko kuinywa. Ni chai nzito hasa. Barry's, chapa ya Cork inayopendwa sana nchini, huchanganya majani ya Kenya, Rwanda na Assam. Yaani Kericho imefika msibani kabla yangu.

Watu hawali na kunywa tu. Pale jikoni ndipo habari zinapogawanywa: nani anauza shamba, mtoto wa nani amerudi kutoka Australia, barabara gani imefungwa. Zamani habari hizo zilipita baa na posta. Baa zaidi ya 2,000 zimefungwa Ireland tangu mwaka 2005, na mwaka 2018 shirika la posta lilitangaza kufunga zaidi ya ofisi 150 za vijijini kwa mpigo mmoja, wenye kuziendesha wakipewa kiinua mgongo wakapumzike. Mzee asiyeendesha gari anaweza kukaa wiki nzima bila kuona uso mwingine isipokuwa wangu, tena mimi nina dakika zangu za kuhesabiwa. Msiba wa jirani, Mungu anisamehe, kwake ni matembezi.

Ukiwasikiliza baadhi ya watu wa nje, utadhani mji huu ulikuwa umejaa, umetulia, ndipo wageni wakaja kuusukuma. Hesabu zinasema kingine. Mwaka 1841 kaunti ya Mayo ilikuwa na watu karibu 390,000. Ikaja njaa kuu ya viazi, na baada ya njaa yakaja mazoea ya kuondoka, kizazi baada ya kizazi, kwenda Liverpool, London, Boston, Chicago. Kufikia mwaka 1971 walikuwa hawafiki 110,000. Mwaka 2022 walikuwa wamepanda tena mpaka karibu 138,000, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya waliokuwepo kabla ya njaa. Vijijini ninakopita bado kuna kuta za mawe zinazogawa mashamba ambayo hayana mwenyewe wa kuyalima, na magofu ya nyumba zilizoota miti ndani. Mmoja wa wazee wangu alizaliwa katika nyumba ya watoto wengi. Aliyebaki Mayo ni yeye. Wengine walitumiwa nauli na kaka aliyetangulia, naye akatumiwa na mjomba. Nikimweleza jinsi watu wa kwetu wanavyopelekana Ghuba na Ulaya, mmoja akimvuta mwingine, hutikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za ukoo wake.

Kilomita chache kutoka mjini kuna kijiji cha Tooreen, na hapo pana kisa ambacho mtu wa pwani hawezi kukipita. Padri mmoja, James Horan, alijenga ukumbi wa dansi pale mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili vijana wapate burudani wasikimbie. Mwaka 1954 zikavuma habari kwamba usiku mmoja aliingia mwanamume mtanashati, akacheza na msichana mmoja mpaka msichana akatupa macho chini na kuona kwato. Shetani alikuja kudansi! Mombasa hadithi hiyo tunayo, ila kwetu mwenye kwato ni mwanamke mzuri aliyejitanda buibui, na anaomba lifti usiku. Nilipomsimulia mzee mmoja hapa alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza, kwa uso wa dhati kabisa, kama yule wa kwetu naye alikuwa mchezaji mzuri.

Horan hakuishia kwenye dansi. Baadaye akawa paroko wa Knock, mahali ambapo mwaka 1879 wanakijiji walisema wamemwona Bikira Maria kwenye ukuta wa kanisa, na ambapo Papa Yohane Paulo wa Pili alihiji mwaka 1979. Padri akaamua kwamba mahujaji wanahitaji uwanja wa ndege wa kimataifa, na akauanza juu ya kilima chenye ukungu na matope. Wanasiasa wa Dublin walimkejeli, serikali ikakata fedha katikati ya kazi, naye akachangisha zilizobaki. Uwanja ulifunguliwa rasmi Mei 1986. Miezi miwili baadaye Horan alifariki akiwa hijani Lourdes, na mwili wake ukarudishwa kwa ndege kwenye uwanja wake mwenyewe. Leo abiria wake wengi si mahujaji. Ni watu wa Mayo wanaokwenda na kurudi Uingereza, ambako ndiko nusu ya ukoo iliko.

Halafu kuna kiwanda cha nyama. Ireland huuza nje takriban asilimia 90 ya nyama yake ya ng'ombe, na katika miaka ya 1970 wanunuzi wa nchi za Kiislamu walikuwa wanatafuta nyama ya halali. Mfanyabiashara mwenye asili ya Pakistan, Sher Rafique, alifungua machinjio ya halali hapa Ballyhaunis, katikati ya malisho ya Wakatoliki. Akaleta wachinjaji kutoka Pakistan, wakaja na Wasyria, kisha wake zao na watoto. Mwaka 1987 ukajengwa msikiti karibu na kiwanda, wa kwanza nchini kujengwa tangu msingi ili uwe msikiti. Dublin wakati huo walikuwa wanasali katika kanisa lililobadilishwa. Biashara ya Rafique ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini machinjio yalibaki, na sasa yako chini ya kampuni ya Dawn Meats. Baada ya mwaka 2004, Umoja wa Ulaya ulipopanuka, walikuja Wapolandi, Walithuania na Walatvia. Katika sensa ya mwaka 2011 Ballyhaunis iliongoza miji yote ya Ireland: watu 941, yaani asilimia 42 ya wakazi, hawakuwa raia wa Ireland.

Mara kwa mara waandishi huja kutoka Dublin kupiga picha ya mwanamke mwenye hijabu akipita mbele ya kanisa. Picha hutoka nzuri. Ila picha haisemi kwamba watu wazima wa hapa, wenyeji na wageni, wanaishi kwa heshima zaidi kuliko kwa ukaribu. Tunasalimiana kwa hali ya hewa. Tunasukumana magari yakikwama kwenye barafu. Lakini anayeingia baa ni mwenyeji, na anayebaki baada ya sala ya Ijumaa ni mgeni, na wachache wamewahi kuingia sebule za wenzao isipokuwa siku ya maiti. Sioni kama ni chuki. Wanaotuchukia wapo pia, na tangu ghasia za Dublin za Novemba 2023 wamepata sauti, hata katika kaunti hii kumekuwa na maandamano ya kupinga wakimbizi kuwekwa hotelini. Hapa mjini sijayaona kwa macho yangu.

Kundi lililoteseka kimyakimya ni lile la waomba hifadhi. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wamekuwa wakiwekwa katika nyumba ya zamani ya watawa hapa mjini. Utaratibu wa nchi nzima, ulioanza mwaka 2000, ulikuwa wa kuwapa watu chumba, chakula cha saa maalumu na yuro 19.10 kwa wiki, bila ruhusa ya kufanya kazi. Haki ya kufanya kazi haikupatikana mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2017 kwamba kuwazuia moja kwa moja ni kinyume cha katiba, na vibali vikaanza mwaka uliofuata. Fikiria baba wa miaka arobaini, mwenye nguvu zake, anaketi dirishani miaka kadhaa huku kiwanda cha mtaa wa pili kinatafuta wafanyakazi. Mwaka 2021 serikali iliahidi kuufuta mfumo huo ifikapo mwisho wa 2024. Mwaka huo wa 2024 umepita, mfumo upo.

Nyumba ndiyo shida ya kila mtu. Ukipanda mtaa mkuu, tazama juu ya maduka: ghorofa za pili zina mapazia yaliyooza na njiwa. Serikali inatoa ruzuku ya hadi yuro 50,000 kwa anayefufua nyumba iliyoachwa wazi, na hadi 70,000 ikiwa ni gofu. Kwenye karatasi inapendeza. Tatizo ni kwamba fedha hulipwa baada ya kazi kukaguliwa, kwa hiyo lazima uwe nazo kwanza, na aliye nazo kwanza kwa kawaida hana haja ya kuishi juu ya duka la viatu lililofungwa. Mume wangu, anayefanya kazi kwenye chumba cha baridi akitenganisha nyama na mifupa, ameshaikokotoa hesabu hiyo nyuma ya bahasha mara nyingi. Haijawahi kutoka.

Mambo yanakwenda vizuri zaidi uwanjani. Mayo ni kaunti ya soka la Kiairishi, lakini Ballyhaunis na Tooreen ni visiwa vya hurling, mchezo wa magongo ambao mpira wake mdogo wa ngozi huruka kwa kasi ya kutisha. Kofia ngumu ni lazima kwa kila mchezaji tangu mwaka 2010, na kwa binti yangu inakaa juu ya hijabu bila taabu. Gongo lenyewe kwa desturi huchongwa kwa mti wa hapa wanaouita ash, ambao tangu mwaka 2012 unauawa na kuvu. Mengi ya magongo sasa hutengenezwa kwa mbao za kutoka nje, na mengine kwa mianzi. Mwaka 2020, wakati wa korona, Waislamu walisali Idi katika Croke Park, uwanja mkuu wa michezo hiyo Dublin. Mmoja wa wazee ninaowahudumia alifuatilia habari hiyo kwa makini sana. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu, kama walivua viatu kabla ya kukanyaga nyasi.

Jumamosi humpitisha uwanjani hapa mjini nikiwa na nafasi. Hukaa kwenye gari, dirisha limeshushwa, anafokea watoto ambao majina yao ni Ahmed, Oisín, Zainab na Kacper. Juzi mvulana mwenye wazazi wa Kipakistani aliupiga mpira kutoka pembeni kabisa ukapita katikati ya nguzo. Mzee akapiga honi. Kisha akaniambia kwamba ana wajukuu wawili Manchester, vijana wazuri, na kwamba Pasaka iliyopita aliwapa gongo, na mkubwa akalishika kichwa chini miguu juu.