Bwana Yule Alikuwa Mgumu Kabla ya Ngũgĩ

Kila kikundi cha wasomaji kinachonialika, kiwe cha Ruiru au cha Thika, swali ni lilelile: "Mwalimu, kwa nini Ngũgĩ, katika riwaya yake, alimgeuza yule bwana mwema wa mfano wa talanta katika Biblia akawa mnyonyaji?" Nimechoka kulijibu kwa adabu. Bwana mwema yupi?

Fungueni Mathayo 25, aya ya 24. Mtumwa wa tatu anamwambia bwana wake waziwazi kwamba ni mtu mgumu, huvuna asipopanda. Sasa someni jibu. Bwana hakani! Analirudia lile la kuvuna asipopanda, kisha analalamika kwamba fedha yake haikuwekwa mahali pa kuzaa riba. Wanaosikiliza ni Wayahudi, ambao Torati yao, Kutoka 22:25, inakataza kumtoza riba maskini wa kwao. Na kuhusu lile shimo ambamo mtumwa wa tatu aliificha fedha: marabi waliacha maneno katika Talmudi kwamba fedha ya kutunziwa hailindiki ila ardhini. Aliyechimba hakuwa lazima mvivu, hata kama mahubiri yote mliyoyasikia tangu utoto yanamwita hivyo.

Tena pigeni hesabu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari, kwa Mathayo 20:2, ni ujira wa kutwa. Mtumwa wa kwanza anarudi na faida ya talanta tano, yaani siku 30,000 za jasho. Jasho la nani? Mathayo anasema tu kwamba alifanya biashara. Mchuma kahawa wa Ruiru anayelipwa kwa debe angeuliza swali hilo kabla mhubiri hajafunga Biblia.

Wala si Ngũgĩ aliyekuwa wa kwanza kukosa raha na hukumu aliyopewa mtumwa wa tatu. Katika karne ya 4 Eusebio wa Kaisaria alitaja injili nyingine ambamo mtumwa mmoja alizidisha fedha, mwingine akaificha, wa tatu akaitapanya kwa makahaba na wapiga filimbi. Eusebio akajiuliza kama adhabu kali haikumhusu yule mtapanyaji.

Ngũgĩ aliongeza nini basi? Riwaya yenyewe, Shetani Msalabani, aliiandika kwa Kikuyu mwaka 1978 juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, nayo ikachapishwa 1980. Humo, bwana anaondoka kwa sababu wananchi wanamtimua. Anagawa shilingi 500,000, 200,000 na 100,000 kwa kipimo cha utiifu. Mathayo alisema uwezo. Na mtumwa wa tatu, ambaye katika Mathayo anasema aliogopa, hapa anafanya jaribio: anazika fedha ndani ya mkebe aone kama itazaa bila mikono ya mfanyakazi. Haizai. Lakini kichekesho chenyewe kiko kwa msimuliaji. Ni mfawidhi wa karamu ya wezi na wanyang'anyi katika pango la Ilmorog, anayeutoa mfano huu kwa sauti ya mimbari, bila tabasamu, akiwasifu watumwa wawili wa kwanza. Ngũgĩ hakuhitaji kugeuza mengi.

Halafu kuna hawa wahubiri wa "panda mbegu", wanaopanda matatu za Thika na mfano huuhuu: toa elfu moja, Mungu atakurudishia elfu mbili. Upuuzi. Fedha ya mfano haikuwa ya watumwa. Mtaji na faida vyote vililetwa mbele ya bwana. Hakuna mtumwa aliyetoa senti yake ili azidishiwe. Anayetaka aya ya kuhalalisha biashara hiyo aitafute kwingine.

Wanaotaka kulinganisha kweli, kwa ufupi: acheni miongozo ya mitihani. Someni Mathayo 25 hadi aya ya 46, maana baada ya talanta tu wanafuata wenye njaa na wafungwa. Ongezeni Luka 19:11-27, ambako raia wanamchukia mtawala anayesafiri kutafuta ufalme; wataalamu wengi humwona hapo Arkelao, aliyekwenda Roma mwaka 4 K.K. huku ujumbe wa Wayahudi ukimfuata kumpinga. Kisha sehemu ya pangoni, kwa sauti, wasomaji wawili wakipokezana. Mwenye nusu saa tu asome maneno ya mtumwa wa tatu katika vitabu vyote viwili, mengine yangoje. Na wachungaji, mkihubiri Jumapili, msiiruke aya ya 24.