Unataka Kuruka Kimilili Uende Saudi? Pima Hizi Kwanza Kabla Ng'ombe ya Mzae Iuzwe

Kama uko Kimilili saa hii na uko kati ya miaka ishirini na thelathini, kuna mtu unamjua ameenda Saudi. Ni binamu, ni mwenye mlisoma naye, ni ule dem alikuwa anauza mitumba sokoni. Ukifungua status yake unaona amejengea mathee nyumba, mabati inang'aa. Wewe uko kwa stegi ya nduthi, cheti iko kwa bahasha, mahindi ya nyumbani ilishauzwa na pesa ikaisha kabla ya mbolea ya msimu mwingine. Kichwa inakuambia: ruka tu, Mungu atashika.

Hii stori haiko hapa kukuambia usiende. Mimi niliacha college katikati nikaingia kwa kuandika, kwa hivyo sina mdomo wa kuambia mtu akae chini. Na pia kukaa ni kubahatisha, hasa kama ukikaa huna kitu unangoja. Watu wanaenda na wanaomoka. Mwaka wa 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudi ni moja ya nchi zenye hiyo doh inatoka kwa wingi.

Shida ni venye watu wanaruka. Kila hama kubwa iko na vitu za aina mbili. Kuna zile unaweza kujua kabla utoke kwenu, na kuna zile hakuna mtu duniani anaweza kukuambia mpaka ufike. Imani ni ya hizo za pili. Ukiitumia kwa zile za kwanza, umefunga macho tu na kuita hiyo maombi. Sasa tuzitenganishe.

ZILE UNAWEZA KUJUA

Agenti ni nani? Kampuni yoyote ya kupeleka watu kazi nje lazima iwe na leseni ya NEA, ile mamlaka ya kitaifa ya ajira. Listi ya wenye leseni iko wazi kwa tovuti yao, neaims.go.ke. Data ya mbao inatosha kuangalia. Tafuta jina la kampuni vile limeandikwa kwa risiti, sio vile msee analitamka, na uangalie kama leseni bado inafanya.

Halafu jua hii: yule buda anakuja Kamukuywa siku ya soko akiwa na mafomu kwa begi, mara nyingi ni broka tu. Anakula kamisheni kwa kichwa yako. Muulize anafanyia kampuni gani na ofisi iko jengo gani Nairobi, kisha upigie hiyo ofisi wewe mwenyewe. Akikasirika juu umeuliza, ushajibiwa.

Nani analipa? Kwa kazi ya nyumba Saudi, mwajiri ndiye anabeba gharama ya visa, tiketi na ada ya kuajiri. Vitu zako ni zile za hapa nyumbani. Pasipoti ya kurasa 34 ni karibu 7,500. Cheti cha mwenendo mwema unaomba kwa eCitizen kwa 1,050, na alama za vidole unaweza kupigwa Huduma Centre ya Bungoma ama Kitale, yenye iko karibu na wewe. Pia kuna mafunzo ya kazi za nyumbani yenye yanatambuliwa na NITA. Hayo fanya kweli, usinunue cheti. Huko ndani hakuna mtu atakufundisha mashine ya kufua ikiwa na maandishi ya Kiarabu. Sasa mtu akikuitisha laki mbili ya "visa ya housegirl", muulize hiyo laki mbili inalipa nini, juu mwajiri alishalipa.

Mkataba unasema nini? Usiingie ndege kama hujaushika na kuusoma kwa lugha unaelewa. Angalia jina la mwajiri, mji, aina ya kazi, mshahara, masaa na muda. Kwa kazi ya nyumba, mshahara wenye hutajwa sana ni riyali 900 mpaka 1,000 kwa mwezi. Riyali imefungwa kwa dola kwa 3.75, kwa hivyo 900 ni kama shilingi 31,000. Mtu akikuahidi laki moja kwa hiyo kazi, hiyo ni karibu riyali 2,900. Mwambie akuonyeshe pahali imeandikwa.

Na nchi iwe ile ile. Kuna Wakenya waliahidiwa kazi Thailand wakajipata Myanmar, kwa kambi za wakora wa mtandao, na serikali ikalazimika kusaidia kuwatoa mwaka wa 2022 na tena 2025. Ukiona visa ni ya kutembea na kazi "utapata ukifika", huna kazi. Uko na tiketi tu.

Doh inatoka wapi? Hapa ndio familia nyingi huumia. Chukua umekopa laki moja na nusu. Kwa mshahara wa 31,000, hiyo ni karibu miezi mitano mizima, bila kutumia hata shilingi, kabla nyumbani waone kitu. Na kama bosi anachelewesha mshahara, riba haimngoji.

Ng'ombe ikiuzwa, kuna siku unaweza kununua ingine. Shamba yenye kukhu analima ikienda, imeenda. Na usifikirie karatasi yenye muhuri wa ofisi kubwa inatosha. Majirani zetu wa Uasin Gishu walilipa mamia ya maelfu kwa programu ya masomo ya Finland na Canada, yenye ilipitia kwa kaunti yenyewe. Mwaka wa 2023 wazazi walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa yao. Wengine walikuwa wameuza shamba na mifugo. Hao hawakuwa wajinga. Waliamini juu jina lilikuwa kubwa, na jina kubwa halilindi pesa kama haujui imewekwa akaunti gani na nani anaweza kuitoa.

Kwa hivyo weka kipimo kabla uanze: ni pesa ngapi ikipotea yote, nyumbani bado watakula na watoto bado watasoma? Hapo ndio mwisho wako. Usipitishe hata na elfu moja.

ZILE HUWEZI KUJUA

Sasa umeuliza yote na karatasi iko sawa. Bado kuna giza mbele. Wasichana wawili wanaweza kutoka Kimilili na agenti mmoja, ndege moja, mshahara mmoja. Mmoja anaingia kwa nyumba ya watu wapoa, mwingine anaingia kwa nyumba ya ngori. Hakuna fomu inaonyesha moyo ya bosi.

Na ukiingia kwa ngori, kutoka si rahisi. Chini ya mfumo wa kafala, makaratasi yako ya kuishi huko yamefungwa kwa mwajiri. Mwezi wa Machi 2021 Saudi ililegeza sheria ili wafanyakazi wabadilishe waajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Kanuni mpya za kazi za nyumbani zilianza Oktoba 2024: kazi isipite masaa kumi kwa siku, kuwe na siku ya kupumzika kila wiki, na mwajiri haruhusiwi kukaa na pasipoti yako. Zijue, juu ni haki yako. Lakini kanuni iko kwa karatasi, na wewe uko ndani ya nyumba ya mtu na mlango umefungwa.

Watu wamekufa. Wizara ya Mambo ya Nje iliambia Bunge kwamba Wakenya 89 walifariki Saudi kati ya 2020 na 2021, na wengi waliandikiwa kwamba moyo ulisimama. Sisemi hii kukutisha. Nasema juu mtu anayeruka ako na haki ya kujua urefu wa shimo.

Kitu kingine huwezi kujua ni wewe mwenyewe. Utakuwa nani ukikaa miezi bila kusikia mtu akikuita kwa lugha ya kwenu? Na mtoto mwenye umeachia kukhu, akianza kumuita kukhu "mama", utabeba aje? Hapa ndio imani inafanya kazi yake. Omba hapa.

USIENDE KIMYA KIMYA

Wengi huficha safari. Wanaogopa wivu, wanaogopa kuchekwa ikikwama. Lakini angalia imbalu venye inafanywa huku kwetu kila mwaka wa shufwa, Agosti ikifika. Kijana hasimami mbele ya kisu peke yake asubuhi moja. Kabla ya hiyo siku anazunguka na njuga kwa mkono akiita jamaa, anaenda kwa mjomba, kijiji nzima inajua tarehe. Ile asubuhi anapakwa matope mtoni na watu wako naye. Uchungu ni wake pekee, lakini mashahidi ni mia.

Fanya safari yako hivyo. Chagua watu wawili wenye hawatachoka na wewe, mmoja akiwa mwenye anajua kusukumana na maofisi. Waachie kopi ya pasipoti, mkataba, jina na namba ya mwajiri, na namba ya agenti. Namba ya ubalozi wetu Riyadh iandike kwa karatasi, sio kwa simu pekee, juu simu inaweza kuchukuliwa. Mkubaliane neno moja la siri: ukilisema kwa simu, hata kama unacheka, nyumbani wajue kumeharibika. Na mkubaliane siku ya kupiga. Ukinyamaza wiki mbili, waanze kuuliza bila kungoja.

Mwisho, andika unaenda kutafuta nini. Kiasi gani, ya nini, na unarudi lini. Ukienda "kutafuta maisha" bila namba, miaka itaisha na bado utakuwa unatafuta.

Ukishajibu hizi zote na moyo bado inasema twende, nenda, na sisi wote wa Kimilili tukuombee. Lakini kama kuna swali moja agenti anakwepa kila ukimuuliza, ngoja. Ndege za Riyadh hazitaisha mwezi huu. Shamba ya mzae ni moja.