Kutu na Chuma

Katika somo hili utajifunza kutu ni nini, inafanyikaje, ina faida gani, na jinsi ya kujikinga na hatari zake.

Kutu ni nini?

Huko Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kama ilivyo katika miji mingine yetu, nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Bati jipya hung'aa. Baada ya miaka mingi ya mvua, bati hilo huanza kuwa na madoa mekundu ya kahawia. Ukiyagusa, unga hubaki kidoleni. Unga huo ndio kutu.

Kutu si uchafu uliotoka nje ukakaa juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni ya hewa, pamoja na maji. Kitu kinachopatikana metali inapoungana na oksijeni huitwa oksidi. Kwa hiyo kutu ni oksidi ya chuma yenye maji ndani yake.

Chuma ni kigumu, kinang'aa, na sumaku hukivuta. Kutu ni laini, haing'ai, hubomoka upesi, na sumaku ya kawaida haiivuti kama inavyovuta chuma.

Jaribio: Ni nini kinacholeta kutu?

Vifaa: Misumari mitatu ya chuma isiyopakwa zinki, chupa tatu za kioo, vifuniko viwili, maji, na mafuta ya kupikia.

Njia: Osha misumari kwa sabuni, kisha ifute ikauke kabisa.
1. Tia msumari wa kwanza katika chupa kavu. Funga chupa hiyo vizuri.
2. Tia msumari wa pili katika chupa ya pili. Mwalimu achemshe maji kwa muda ili kuiondoa hewa iliyomo. Maji yakiwa bado ya vuguvugu, ayamimine mpaka yaufunike msumari. Mara moja mimina mafuta juu ya maji, kisha funga.
3. Tia msumari wa tatu katika chupa ya tatu. Mimina maji ya kawaida yafike nusu ya msumari. Iache chupa wazi.

Ziache chupa zote kwa muda wa juma moja. Kila siku andika unachokiona.

Matokeo: Msumari wa tatu utashika kutu. Misumari miwili ya mwanzo itabaki safi, au itakuwa na kutu kidogo mno. Msumari wa kwanza ulipata hewa bila maji. Msumari wa pili ulipata maji bila hewa. Wa tatu ulipata vyote viwili. Basi, chuma hushika kutu kinapopata hewa na maji kwa pamoja.

Kuzuia kutu

Ukitaka kuzuia kutu, zuia hewa na maji visikifikie chuma. Njia za kufanya hivyo ni kupaka rangi, kupaka mafuta au grisi, na kufunika chuma kwa metali nyingine. Mabati yamefunikwa kwa zinki. Zinki ikiisha, kutu huanza.

Sufuria za alumini hazishiki kutu. Alumini nayo huungana na oksijeni, lakini oksidi yake hushikamana sana na kuwa kama ngozi inayoikinga metali iliyo chini. Kutu ya chuma haishikamani hivyo. Hupasuka na kubanduka, na hewa na maji huingia tena ndani. Ndiyo sababu kutu hula chuma mpaka kiishe.

Habari za meli ya Liemba zinatuonyesha nguvu ya grisi. Meli hii ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Vipande vyake vililetwa Dar es Salaam, vikapelekwa Kigoma kwa reli, na huko vikaunganishwa. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, ili adui asiichukue. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924. Mitambo ilikutwa ingali inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Nawe unaweza kufanya kama mafundi wale. Ukitoka shambani, osha jembe lako, lifute likauke, kisha lipake mafuta kidogo, hata ya mawese.

Faida za oksidi ya chuma

Oksidi ya chuma ina faida pia. Mawe ambayo chuma hutolewa ndani yake huwa na oksidi hiyo. Zamani wahunzi wa Ufipa, kusini mashariki ya Ziwa Tanganyika, waliyayeyusha mawe hayo kwa mkaa katika tanuru ndefu za udongo zilizoitwa malungu. Mkaa uliowaka uliondoa oksijeni, chuma kikabaki. Oksidi hiyo hutumika pia kutengenezea rangi nyekundu, na ndiyo inayoupa udongo wetu mwekundu rangi yake.

Tahadhari

1. Vaa viatu mahali penye misumari na mabati ya zamani. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na samadi, na huweza kuingia mwilini kwa njia ya kidonda kirefu. Kutu yenyewe haileti pepopunda, lakini msumari wenye kutu hushika uchafu. Ukichomwa, osha kidonda kwa maji na sabuni, mwambie mkubwa wako, na nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama damu imekoma.
2. Unapokwangua kutu, lowesha kwanza ili vumbi lisiruke. Kinga macho, funika pua na mdomo.
3. Usiingie kamwe katika tangi la chuma lililofungwa kwa muda mrefu. Kutu inapofanyika hutumia oksijeni iliyomo ndani. Mtu akiingia anaweza kuzimia na kufa. Ukimwona mwenzio ameanguka humo, usimfuate. Piga kelele uwaite watu wazima.

Maswali

1. Kutu hufanywa na vitu gani?
2. Kwa nini maji ya chupa ya pili yalichemshwa na kufunikwa kwa mafuta?
3. Eleza jinsi grisi ilivyoilinda mitambo ya Liemba.
4. Kwa nini kutu hula chuma mpaka kiishe, lakini oksidi ya alumini huilinda alumini?
5. Mwenzako amechomwa mguu na msumari. Utamshauri afanye nini?
6. Tafuta nyumbani vitu vitano vya chuma. Andika kila kimoja kimekingwaje na kutu.