Kwa Nini Wahabeshi Wanapita Chini ya Turubai

Ukishuka Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, angalia malori yanavyopita kuelekea Kitonga, Iringa, Mbeya, hadi Tunduma au Kasumulu. Mengi yana mizigo ya kawaida. Machache yana watu.

Kwetu tunawaita Wahabeshi. Magazeti yanaandika "wahamiaji haramu". Wengi ni vijana wa rika letu kutoka kusini mwa Ethiopia, na hawaji kukaa hapa. Wanapitia Kenya, wanatuvuka, wanakwenda Afrika Kusini, ambako wenzao wana maduka na mwombaji hifadhi hafungiwi kambini.

Sasa mbona wasipande basi kama sisi? Kwa sababu hawana viza, na barabara hii ina vizuizi. Hapo ndipo dalali anapopata ulaji. Kadiri ukaguzi unavyozidi, bei yake inapanda na maficho yanazidi kuwa mabaya: kwanza nyuma ya magunia, kisha chini ya turubai, mwisho ndani ya kontena lililofungwa kwa nje. Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 walikosa hewa ndani ya lori na miili yao ikatupwa porini Kongwa, Dodoma. Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Mzigo unaoogopa kukaguliwa haugongi ukuta kuomba maji, hata ukiwa mtu.

Wakikamatwa, Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inatoa faini au kifungo. Faini watoe wapi? Wanafungwa. Na kifungo kikiisha bado lazima warudishwe kwao, na nauli ya ndege haina mwenyewe, mpaka shirika kama IOM lisaidie. Dereva naye anafungwa. Dalali aliyepanga safari kabadilisha laini ya simu tu.

Sisemi mipaka iachwe wazi, jamani. Ila tuna sheria nyingine, ya 2008, ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na hiyo inamtazama aliyedanganywa akanyonywa kama mhanga wa kusaidiwa. Kijana aliyeahidiwa kazi, kisha akafungiwa ndani njiani hadi nyumbani watume hela zaidi, anaweza kuwa mkosaji kwa sheria ya kwanza na mhanga kwa ya pili. Ataangukia wapi? Inategemea ameulizwa nini siku ile ya kukamatwa, na kwa lugha gani. Wengi wao hawajui Kiswahili wala Kiingereza.