Mbele ya kununua mashini ya kupima majani

Tunapotembelea kooperative za Butembo na Beni, ulizo moja linarudia: «Tutoe pesa ya kese tununue mashini ya kupima eneo la majani?» Jibu letu: mujaribu kwanza vile muko navyo nyumbani.

Jani ndilo jiko la mumea. Kutu ikila majani ya kahawa, ao sigatoka nyeusi ikikausha ya ndizi, mavuno yanapunguka. Kupima kunasaidia kulinganisha mistari yenye samadi na ile isiyo nayo, kwa hesabu, si kwa macho tu.

Kwa ndizi na muhindi, meta ya mushonaji inatosha. Pima urefu wa jani bila kikonyo, kisha upana pale linapopanuka zaidi. Zidisha urefu kwa upana, halafu kwa 0,8 kama ni ndizi, ao 0,75 kama ni muhindi. Jani la ndizi lenye sentimeta 200 kwa 70 linatoa sentimeta mraba 11 200, ni kusema zaidi kidogo ya meta mraba moja. Na jani halikatwi.

Kwa kahawa, mujitafutie namba yenu. Lalisha jani juu ya karatasi ya karo za milimeta 5, chora pembeni yake, hesabu karo. Yenye nusu ao zaidi ndani, ihesabu; yenye chini ya nusu, iache. Karo 4 ni sentimeta mraba moja. Jani la 15 kwa 6 (ni 90) likitoa karo 240, eneo ni 60. Gawanya 60 kwa 90: karibu 0,67. Fanya vile kwa majani 30, makubwa na madogo, chukua wastani. Nyuma ya hapo, rula peke inatosha kwa aina ile ya kahawa.

Lakini rula haioni madoa. Muandike pia majani mangapi yangali mazima.

Telefone inaweza kusaidia, kama programu yake haiombi intaneti. Jani lilale sawasawa, rula kando yake, picha ipigwe toka juu kabisa. Ukipiga kwa upande, hesabu inadanganya.

Mashini ni nzuri kwa watafiti wanaopima mamia ya majani kwa siku. Kwenu, muulizane: itachajiwa wapi? Nani ataitengeneza? Na siku watu wanalazimika kukimbia mashamba, sawa vile imetokea mara mingi upande wa Beni, nani ataibeba? Daftari inaingia mufukoni.

Pesa ya kese ilitoka katika magunia ya kila mumoja wenu. Muanze na meta, daftari, na mutu mumoja anayepima kwa namna ile ile kila juma mbili. Musimu ukiisha na kazi imezidi mikono, hapo mulete ulizo la mashini mbele ya mukutano mukuu, mukiwa na hesabu mukononi.