Je, Wajua? Baiskeli, Masika na Barabara ya Magongo

Je, wajua kwamba Mombasa hunyeshewa kuliko London? Mji ule unaosifika kwa miavuli hupata takribani milimita 600 za mvua kwa mwaka, ilhali Mombasa hupita 1,000. Mwezi wa Mei peke yake, masika yanapokolea, sisi hupata zaidi ya milimita 200, kiasi ambacho London huhitaji karibu miezi minne ya baridi kukifikisha. Wakazi wa Magongo wana haki ya kujidai hapa, maana kituo cha hali ya hewa kinachotoa takwimu za Mombasa kiko Uwanja wa Ndege wa Moi, jirani yao kabisa. Mvua inayoandikwa kuwa ya Mombasa ndiyo hiyo hiyo iliyowalowesha wao.

Tofauti iko kwenye namna ya kunyesha. Kule ni rasharasha ya kutwa, mtu huvaa koti akaendelea na safari. Huku mvua humwagwa kwa ndoo, mwenye baiskeli akajibanza kwenye baraza ya duka pamoja na wauza mahamri na watoto wa shule, na baada ya nusu saa jua limetoka. Kinachomsumbua basi si mvua yenyewe. Ni barabara iliyoachwa nyuma.

Kabla ya kufika barabarani, tuseme kidogo juu ya baridi. Mkazi wa Oulu, mji wa Finland wenye zaidi ya kilomita 900 za njia za baiskeli, ambako mwaka 2013 lilifanyika kongamano la kwanza la kimataifa la uendeshaji baiskeli majira ya theluji, angecheka akisikia mtu wa Changamwe analalamikia baridi. Kipupwe chetu cha Julai na Agosti kina wastani wa nyuzi 24 hivi. Lakini aliyeloa shati kisha akapanda baiskeli alfajiri hatetemeki kwa deko. Gramu moja ya maji ikikauka juu ya ngozi huondoka na takribani jouli 2,400 za joto la mwili, karibu mara sita ya joto linalotakiwa kuipasha gramu hiyo hiyo kutoka ubaridi wa barafu hadi itokote. Na kadiri baiskeli inavyokwenda ndivyo upepo unavyoyakausha maji hayo kwa kasi. Sweta kavu ndani ya mfuko lina faida kuliko koti lililokwisha kuloa.

Je, wajua kwamba kusi lina uwezo wa kukulowesha kifua au kukiacha kikavu, kulingana na unakoelekea? Mjini kuko kusini mashariki mwa Magongo, na kusi, linalovuma takribani kuanzia Aprili hadi Oktoba, hutokea upande huo huo. Kwa hiyo kwenda kazini ni kupambana nalo, hasa ukifika Makupa, kwenye daraja jipya lililofunguliwa 2022, ambako hakuna nyumba wala mti wa kukukinga. Ukienda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15, mwili hukutana na hewa ya 30, na nguvu ya kukurudisha nyuma huwa mara nne ya siku shwari. Afadhali asubuhi kusi huwa halijachangamka. Jioni mambo hugeuka: upepo uko mgongoni, na ukienda sawa nao matone hukuangukia wima, kana kwamba umesimama. Kichwa na mapaja vitaloa, lakini si kifua wala mgongo.

Sasa barabara. Wengi huamini tairi jembamba la baiskeli huelea juu ya maji na kuteleza kama gari linavyofanya kwenye dimbwi. Sivyo. Watafiti wa NASA, waliokuwa wakichunguza ndege zinazotua kwenye njia zilizoloa, walipata katika miaka ya 1960 kanuni inayoonyesha kuwa kasi ya tairi kuelea hutegemea upepo uliojazwa ndani yake. Ukiichukua kanuni hiyo na tairi la baiskeli lililojazwa sawasawa, unapata zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hakuna mtu wa Magongo anayekwenda hivyo kwa pedeli, hata akifukuzwa na mbwa.

Kinachoangusha watu ni kile kilicho juu ya lami. Barabara ya Magongo ni njia ya malori na matrela ya makontena, na kila injini huacha tone lake la dizeli au oili. Miezi ya kiangazi mafuta hayo hushikana na vumbi yakawa tope jembamba. Mvua ya kwanza huliinua juu bila kuliosha, kwa hiyo dakika za mwanzo za mvua ya mwanzo ndizo mbaya kuliko saa nzima ya gharika mwezi wa Mei. Mistari iliyopakwa rangi na vifuniko vya chuma vya mitaro navyo vina ubaya wao.

Na reli je? Njia ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bado inapita Changamwe. Huko Knoxville, Marekani, watafiti waliweka kamera mahali reli inapoikata barabara kwa mshazari, wakatazama waendesha baiskeli wanavyoanguka. Waliovuka kwa pembe iliyo chini ya digrii 30 ndio walionaswa gurudumu. Kwa hiyo usione haya kupinda kidogo ili uikate reli wimawima, ukitazama kwanza nyuma yako kama kuna tuktuk.

Barabara tukiiacha, tuje kwenye baiskeli yenyewe na kasoro kubwa ya Black Mamba, baiskeli nyeusi nzito tunayoiheshimu sote. Rimu zake ni za chuma kilichopakwa kromu, laini kama sahani. Majaribio yaliyofanywa Marekani miaka ya 1970 yalionyesha kuwa raba ya breki ikibana chuma kilicholoa hubakiwa na takribani sehemu moja ya kumi ya mshiko wake. Gurudumu lazima lizunguke mara nyingi raba ikiyafuta maji, ndipo breki irudi, tena kwa ghafla. Fikiria hilo ukiteremka kutoka Changamwe kuelekea Kibarani, umefunga mitungi miwili kwenye keria na mbele yako kuna trela. Waingereza waliwahi kuziwekea raba hizo ngozi ili zishike rimu iliyoloa. Mafundi wetu wana dawa nyepesi: “Anza kubonyeza mapema, babangu, kidogo kidogo, kabla hujaihitaji.” Rimu za alumini hushika vizuri zaidi, na hilo ndilo jambo moja ambalo baiskeli za mtumba zinaishinda mamba.

Moja tu, kwa maoni yangu. Kwa matope mamba haina mpinzani. Nukta ya juu kabisa ya gurudumu husafiri kwa kasi mara mbili ya baiskeli yenyewe, ndiyo maana tope hurushwa hadi kisogoni. Mamba ina madigadi marefu mbele na nyuma, na nyingi zina kifuniko cha cheni, urithi wa baiskeli za Kiingereza zilizobuniwa kwa ajili ya karani aliyetaka kufika ofisini suruali ikiwa safi. Baiskeli nyingi za mtumba za kupandia milima hazina hata kipande cha madigadi, na mwenye nayo utamjua kwa mstari mweusi mgongoni. Kiti nacho kilikuwa kikifunikwa mfuko wa plastiki, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Siku hizi ni kipande cha turubai au gunia la unga.

Je, wajua kwamba baiskeli ya Magongo na ya Copenhagen huliwa na adui mmoja? Copenhagen humwaga chumvi kwenye njia za baiskeli ili barafu isigande, na theluji ikianguka njia hizo ndizo husafishwa mwanzo. Chumvi hiyo hula cheni na spoki. Sisi hatumwagi chochote: hewa ya bahari kutoka Port Reitz hutuletea bure, mwaka mzima, hata kwa baiskeli iliyolala barazani bila kuguswa. Na mvua ni maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo gharika ya Mei huisuza. Kutu huanza pale baiskeli inapoachwa na unyevu wake. Ipanguse kwa kitambaa jioni hiyo hiyo, tia tone la mafuta kila pingili ya cheni, zungusha pedeli kinyumenyume, kisha futa yanayozidi ili yasikusanye mchanga.